RISASI HUHESABIWA, MBONA MBIO ZA GARI HAZIHESABIWI?

Ndugu wanachama, madereva, makondakta, utingo, na ninyi wenzetu wa bodaboda,

Twaandika habari hii kwa sababu kuna jambo lililozoeleka hata watu wameacha kulistaajabia. Jambo lenyewe ni askari kuliandama gari la abiria au pikipiki kwa kasi, katikati ya watu, kwa kosa ambalo mbele ya hakimu lingemalizwa kwa faini. Mtu akisikia king'ora nyuma yake na kuona vumbi, hushika mtoto wake mkono na kuruka mtaroni. Likiisha kupita, hujifuta matope, akashukuru Mungu, akaenda zake. Siku ambayo hakuwahi kuruka, sisi hukutana matangani, tukachanga, tukarudi kazini.

Sisi twasema waziwazi kwamba kumwandama mtu kwa gari ni kutumia nguvu, kama vile kutumia bunduki ni kutumia nguvu. Askari akichukua bunduki ghalani, kuna kitabu, huandikwa namba ya silaha na idadi ya risasi. Akirudi na pungufu ya risasi moja, ataulizwa imekwenda wapi. Lakini akiendesha gari la tani mbili kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa kupita sokoni, nani humwuliza? Kitabu chake kiko wapi? Risasi moja huenda ikampata mtu mmoja. Gari likipinduka likiwa na watu kumi na saba ndani, hesabu hiyo kila mmoja wetu aijua.

Tuichukue barabara yetu wenyewe, ile ya kutoka Kisumu kwenda Ahero. Ni saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Gari la abiria kumi na wanne limebeba kumi na saba. Pale Nyamasaria askari anainua mkono. Dereva anapiga hesabu moyoni: akisimama, atatoa kitu kidogo au atalala ndani, na jioni tajiri atataka fedha zake zote kama kawaida. Anakanyaga mafuta. Askari naye anaona amedharauliwa mbele ya watu, anaingia garini, mbio zimeanza. Mbele yao ni uwanda wa Kano, barabara imenyooka, yamshawishi kila mwenye injini. Lakini mbele yao pia ni Rabuor, na watoto wanakwenda shule, na baiskeli zimebeba mabua ya miwa, na akina mama wamepanga nyanya zao hatua tatu tu kutoka kwenye lami. Hao hawakuitwa kusimama wala hawakukataa kusimama, lakini wao ndio watakaogongwa. Wazee walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na nyasi za barabara hii ni watu.

Na abiria kumi na saba waliomo ndani? Wanapiga kelele, wanamwomba dereva asimame, wanampigia bati kwa viganja. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kushindana na Serikali. Kama kosa la gari lile ni kuhatarisha abiria kwa kubeba watu watatu zaidi, basi dawa ya askari imewahatarisha wote kumi na saba mara kumi. Ni kama mganga aliyeitwa kutibu kikohozi akamkaba mgonjwa koo.

Tuseme kidogo juu ya mwendo, maana wengi huuchukua kama mchezo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria ndani ya miji na vituo vya biashara, hukata mita 14 hivi kila sekunde. Kwa kilomita 80 hukata mita 22. Kwa 120 hukata mita 33. Dereva mwenye macho mazuri na asiyechoka huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki, na katika sekunde hiyo gari bado linakwenda mbio zile zile. Baada ya hapo breki ndiyo yaanza kufanya kazi, na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne, si mara mbili. Hayo hayategemei cheo. Lami haijui kama gurudumu ni la polisi au la matatu.

Sasa hapa pana jambo la ajabu. Tangu Februari 2004, kanuni alizozileta marehemu John Michuki zilipoanza kufanya kazi, gari la abiria limefungwa kile chombo cha kuzuia mwendo, ambacho sisi twakiita spidi gavana, lisipite kilomita 80. Serikali ilisema, na sisi twakubali, kwamba mwendo unaua. Gari la polisi halikufungwa chombo hicho. Basi katika mbio hizi, mmoja amefungwa mguu kwa sheria, na mwingine amefunguliwa. Yule aliyefungwa, akiona kioo cha nyuma kimejaa gari la askari, hutafuta pengine pa kuponea: hukata kona kwenye njia ya vumbi, hupita upande usio wake, huzima taa usiku. Mwendo ukizuiwa, hatari haipungui. Yahamia kwenye kona.

Wakubwa hutuambia, "Tusipowaandama watapotea." Tunaomba kuuliza, matatu hupotelea wapi? Lina namba ya usajili mbele na nyuma. Lina mstari wa manjano. Lina jina la sacco ubavuni, kwa maana tangu kanuni za mwaka 2014 hapana mwenye gari anayeruhusiwa kufanya biashara ya abiria peke yake bila kuwa ndani ya chama au kampuni iliyoandikishwa yenye magari yasiyopungua 30. Sacco ina ofisi, ina mwenyekiti, ina simu. Gari lina steji, na jioni litarudi pale pale, maana halina mahali pengine pa kula. Kutoka Kisumu kwenda upande wa Busia kuna Otonglo, Kisian, Maseno, Luanda. Kwenda upande wa Kericho kuna Ahero na Awasi. Simu hukimbia upesi kuliko Land Cruiser yoyote. Askari aandike namba, apige simu mbele, apige simu kwa sacco, na kesho dereva na mwenye gari waitwe mahakamani. Mkimbizi wa namna hii hana haja ya kuandamwa, ana haja ya kuandikiwa barua tu.

Basi kwa nini aandamwe? Tuseme yaliyo kweli, hata kama hayapendezi. Mara nyingine mbio si za kutafuta sheria, ni za kutafuta shilingi. Kosa likiandikwa likapelekwa mahakamani, fedha huingia hazina ya Serikali. Dereva akikamatwa pale pale njiani, mbali na macho ya watu, fedha zaweza kuingia mfukoni. Hatusemi kila askari ni wa namna hii. Wako askari waaminifu, tunawajua, na wengine ni ndugu zetu wa damu, wanalala katika nyumba mbovu kuliko zetu. Lakini mbio zisizoandikwa popote ni kichaka kizuri kwa yule asiye mwaminifu, na wote wawili wavaa sare moja.

Na hapo pana jambo la sare. Sheria ya Barabara, Sura ya 403, yamtaka dereva atii ishara ya askari aliyevaa sare. Je, mtu aliyevaa jaketi na kofia, katika gari dogo lisilo na alama, akimulika taa saa tatu ya usiku karibu na Kisian, dereva ajuaje kama ni askari au mnyang'anyi? Madereva wameibiwa magari kwa hila hiyo hiyo. Mtu akikimbia kuokoa maisha ya abiria wake, kesho yake ataitwa mhalifu kwa kuwa alikimbia. Twasema gari lisilo na alama lisimwandame mtu. Liite lenye alama.

Wenzetu wa bodaboda wanaumia zaidi, maana gari lina bati lakini pikipiki ina ngozi ya mtu tu. Tangu mwaka 2008, ushuru ulipoondolewa kwenye pikipiki ndogo, vijana wengi wa Kondele, Manyatta, Nyalenda na Obunga wamepata mkate wao hapo. Machi 2022, baada ya wahuni kumshambulia mama mmoja dereva mjini Nairobi, kitendo cha aibu ambacho sisi pia tulikilaani, ulitangazwa msako wa bodaboda nchi nzima, kisha ukasimamishwa. Siku zile kijana asiye na kosa alikimbia kwa sababu aliona wenzake wanakimbia. Pikipiki inayoandamwa na gari ikiteleza, aliye nyuma hana breki mkononi mwake wala usukani. Ni abiria, pengine mama mjamzito anayepelekwa hospitali.

Jambo hili si la Kisumu peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la California, mwaka 1990, askari waliiandama pikipiki iliyokuwa na vijana wawili. Mbio zilichukua sekunde 75 tu, kama kilomita mbili, mwendo ukafika kilomita 160 kwa saa. Pikipiki ilianguka, gari la askari likamgonga kijana aliyepakiwa nyuma, wa miaka 16, akafa. Mwaka 1998 Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, katika kesi ya wilaya ya Sacramento, ilisema kwamba askari asiyekusudia kumdhuru mtu katika mbio kama hizo hakuvunja katiba. Twaitaja kesi hii tuonye: tukingoja majaji waamue baada ya maziko, twaweza kuambiwa hapana mwenye kosa. Kanuni yafaa iwepo kabla injini haijawashwa.

Uingereza, ambako wakoloni walitoka na Sheria zao za Barabara, askari hawezi kuandama gari mpaka awe amefundishwa kazi hiyo hasa, na lazima chumba cha simu kiarifiwe, na mkubwa aliye pale anaweza kuamuru mbio zikome. Nyuzilandi walikaza kanuni zao mwaka 2020. Baadaye watu walilalamika kwamba madereva wanaokataa kusimama wamezidi, na mwaka 2023 kanuni zikalegezwa kidogo. Hatulifichi jambo hilo. Maana yake ni kwamba kanuni hupimwa, hurekebishwa, hujadiliwa mbele ya watu. Huwezi kulegeza wala kukaza kitu ambacho watu hawajaonyeshwa.

Hapa kwetu je? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, yamwamuru askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu ikitumika iwe kwa kadiri ya kosa. Tena yasema nguvu ikileta kifo au jeraha kubwa, mkubwa wa askari yule lazima aarifu mara moja IPOA, ile mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Haya ni maneno mazuri. Lakini Jedwali laitaja bunduki kwa jina, wala haliyataji mbio za gari. Ndipo matatu likipinduka huku likiandamwa, huandikwa "ajali ya barabarani", na faili hufungwa kwa jina la dereva aliyekufa. Marehemu hawezi kujitetea, na gari lililokuwa nyuma yake halimo katika maandishi. Kama ndani ya kambi ziko amri juu ya mbio hizi, na zitolewe tuzisome. Amri inayohusu maisha yetu si siri ya kambi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Watu wa ziwani wana sababu ya kulisikia jambo hili kwa uchungu. Tarehe 25 Oktoba 1969, baada ya ghasia katika ufunguzi wa hospitali mpya ya Kisumu, msafara wa Rais uliondoka mjini kwa kasi, na askari wakawapiga risasi watu waliosimama kando ya barabara hii hii ya Ahero, mbali na pale palipotokea ugomvi. Hatufufui ugomvi wa zamani. Twakumbusha tu kwamba aliyesimama kando ya barabara ana haki ya kuishi kama aliye ndani ya gari la Serikali.

Sasa, ndugu, tugeuke tujitazame, kwa maana chama kisichojisema hakiaminiwi. Wako kati yetu wanaokimbia kwa ujeuri, wakitafuna miraa, muziki juu, wakitaka kusifiwa steji kwamba wamemshinda askari. Huyo hatumtetei. Amebeba roho za watu na anazichezea kamari. Kutosimama ukiamriwa na askari mwenye sare ni kosa, na aliyeua kwa kuendesha vibaya anastahili kifungu cha 46 cha Sheria ya Barabara, ambacho chaweza kumpeleka jela miaka kumi. Tunachosema ni kwamba ujeuri wa dereva mmoja hauwi ruhusa ya ujeuri wa askari.

Na matajiri wenye magari nao wasikilize. Dereva anayedaiwa hesabu ya siku, awe amepata abiria au hakupata, ni mtu anayeandamwa tangu saa kumi na moja alfajiri, kabla hajamwona askari yeyote. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka wafanyakazi wa magari ya abiria waajiriwe kwa haki na walipwe mshahara wa mwezi. Wangapi kati yetu wana barua ya kazi? Mtu mwenye mshahara wake akisimamishwa na askari husimama, akatoa leseni, akaandikiwa kosa lake, akaendelea. Mtu wa hesabu ya siku hukimbia. Tajiri anayetaka gari lake lisiandamwe, na aanze kwa kulipa mshahara.

Basi chama chataka mambo haya:

1. Itungwe kanuni iliyoandikwa na kutangazwa, kwa Kiswahili na Kiingereza, juu ya kuandama magari na pikipiki, na mbio hizo zihesabiwe kuwa ni kutumia nguvu.

2. Mbio ziruhusiwe tu pale ambapo anayekimbia ni hatari kwa maisha ya watu kuliko mbio zenyewe, kama mnyang'anyi mwenye silaha. Kwa kubeba abiria kupita kiasi, leseni iliyokwisha, kofia ya pikipiki au kosa la namna hiyo, iandikwe namba na mwenye gari aitwe.

3. Askari anayeanza mbio aarifu mkubwa wake kwa redio, na mkubwa yule awe na amri ya kuzikomesha, jina lake liandikwe.

4. Gari lisilo na alama, na askari asiye na sare, wasiandame gari la abiria.

5. Kila mbio ziandikwe: mahali, saa, sababu, mwendo, na mwisho wake. Hesabu hiyo itangazwe kila mwaka, wilaya kwa wilaya.

6. Kila kifo au jeraha kubwa lililotokea katika mbio lipelekwe IPOA, hata kama gari la polisi halikumgusa mtu.

7. Askari wanaoendesha magari hayo wafundishwe kazi hiyo hasa, na wapewe muda wa kulala. Dereva aliyechoka ni dereva aliyechoka, awe wetu au wao.

Mpaka hayo yapatikane, wanachama washike haya. Askari mwenye sare akikuinulia mkono, simama, hata kama una kosa. Kosa la abiria watatu hulipwa, roho hailipwi. Ukisimamishwa gizani na watu usiowajua, washa taa za hatari, punguza mwendo, nenda mpaka penye watu au kituo cha polisi. Ukiombwa kitu kidogo, mwulize askari namba yake, uandike siku na saa, ulete ofisini kwetu. Mtu akiumia katika mbio, mpeleke hospitali kwanza, kisha ichukuliwe fomu ya P3, yaandikwe majina ya walioona, na malalamiko yapelekwe IPOA, ambayo ina ofisi hapa Kisumu. Tena angalieni saa, ndugu: kuishtaki Serikali kwa madhara kama haya kuna muda wa miezi 12 tu kwa Sura ya 39, wala si miaka mitatu kama kwa mtu wa kawaida. Wajane wengi wamenyimwa haki yao kwa kumaliza mwaka mzima wakiambiwa "njoo kesho".

Katibu ataupeleka waraka huu kwa Kamanda wa Polisi wa Nyanza, na kwa wenyeviti wa sacco zote za steji ya Kisumu. Wanachama wa kila tawi, kutoka Bondo hata Sondu, watuletee habari za mbio walizoziona kwa macho yao, si za kusimuliwa, pamoja na siku, saa na mahali. Tutaandika kitabu chetu wenyewe. Kama Serikali haihesabu, sisi tutahesabu.

Umoja ni nguvu.